Mwanafunzi wa meno afundishwe pamoja na msaidizi

Mhariri,

Wapo wanaosema kwamba wilayani wasaidizi wa daktari wa meno hawapo, kwa hiyo mwanafunzi anayekuja Tabora kwa mafunzo ya vitendo ajizoeze kufanya kazi peke yake. Sikubaliani nao. Kazini huko atapewa muuguzi au mhudumu wa kumsaidia, na mwanafunzi huyo ndiye atakayemfundisha. Atamfundisha nini ikiwa mwenyewe hajawahi kufanya kazi kwa mikono minne, yaani daktari na msaidizi wakimhudumia mgonjwa mmoja kwa pamoja?

Kuna utaratibu usiohitaji fedha: wanafunzi wawili kwa kiti kimoja, leo huyu anatibu na mwenzake anasaidia, kesho wanabadilishana. Kazi ya msaidizi ipewe alama kama kazi nyingine.

Waanze na kukaa. Chukulia uso wa saa (namba zilizoandikwa, si saa tunayotamka) kichwa cha mgonjwa kikiwa kwenye 12. Daktari anayetumia mkono wa kulia hukaa kati ya 9 na 12, msaidizi kati ya 2 na 4. Kwa anayetumia mashoto, mpangilio unageuzwa. Stuli ya msaidizi iwe juu ya ile ya daktari kwa sentimita 10 hadi 15; ikiwa chini haoni ndani ya kinywa, anapinda mgongo, na bomba la kufyonza mate linakwenda kwa kubahatisha.

Bomba hilo hutangulia kuingia, kisha kioo na drili. Wakigeuza mpangilio huo, bomba linakosa nafasi na kioo kinajaa maji. Msaidizi hulishika kwa mkono wa kulia, upande wa jino ulio karibu naye, bila kugusa kaakaa laini (sehemu laini ya nyuma ya paa la kinywa), maana mgonjwa atataka kutapika. Mkono wa kushoto unabaki huru kwa kupokezana vifaa, chini ya kidevu, kamwe si juu ya macho. Sindano ya ganzi haipokezanwi mkononi. Inalazwa kwenye trei, na aliyeitumia ndiye anayeifunika, kwa mkono mmoja, akichota kifuniko kwa ncha ya sindano.

Pengo la msaidizi huonekana zaidi wakati wa kuziba jino kwa saruji ya glasi ionoma, dawa ya kuzibia inayochanganywa kwa unga na kimiminika. Njia ya kuziba kwa vifaa vya mkono bila drili, inayotegemea saruji hiyo, ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na huduma zetu za vijijini zinaihitaji sana. Unga hupimwa kwa kijiko kilichosawazishwa, chupa ya kimiminika chake ikielekezwa chini wima ili tone lisiwe na kiputo, na uwiano ufuate maelezo ya kiwandani. Uchanganyaji kwa kawaida hauzidi sekunde 30. Joto la Tabora la Oktoba huharakisha saruji kuganda. Ikishapoteza mng'ao itupwe, kwa sababu asidi ya kushikamana na jino imekwisha na kizibo kitang'oka. Aliye peke yake hukoroga huku pamba zikilowa mate mdomoni mwa mgonjwa. Akirudi, tundu limeshaloa na saruji inafifia.

Hospitali zinazopokea wanafunzi ziwapange wawili wawili tangu siku ya kwanza, na wahudumu wa kliniki waitwe kwenye mafunzo hayo hayo.

Mkufunzi wa tiba ya kinywa na meno,
Tabora