Mama Shabani, hii oda niipokee au niiache?

Walukuba, Jinja
14 Septemba

Mama Shabani, dada yangu,

Assalaam alaykum. Sisi hatujambo, watoto hawajambo, mgongo wangu ni ule ule. Usishtuke kuona karatasi. Simu yangu imekufa. Nilikuwa nimeibana begani nikibishana na mtu wa mayai, nikainama kugeuza chapati, ikatumbukia kwenye mafuta. Nakato anasema niliikaanga vizuri sana, ilibaki chumvi tu. Namba zote zimekwenda nayo, yako ikiwemo, kwa hiyo barua hii nampa Okello ampe yule utingo wa basi la Arua anayekujua. Nijibu kwa njia hiyo hiyo, na umwambie asiikunje kama risiti.

Najua nimenyamaza tangu Idi. Na wewe umenyamaza, usijifanye. Ila nina jambo, oda ya kupikia shindano la kula, na hapa mtaani kila ninayemwambia anaanza kucheka kabla sijamaliza.

Ni hivi. Mzee Barasa na kile kibanda chake cha video, mwezi wa saba alianza kuwawekea vijana, kabla mpira haujaanza, Wamarekani wanaoshindana kula. Soseji ndani ya mkate, jukwaani, mbele ya maelfu ya watu, kule Coney Island, New York, kila tarehe 4 Julai. Nilikwenda kudai pesa yangu ya chapati nikaishia kukaa benchi. Kuna mmoja anaitwa Joey Chestnut, mwaka 2021 alikula 76 kwa dakika kumi. Sabini na sita! Kabla yake kulikuwa na Mjapani mwembamba, Kobayashi, ukimwona ungesema huyu apewe uji. Mwaka 2001 alifika pale mara ya kwanza akala 50, na rekodi ya kabla yake ilikuwa 25 na kipande. Anavunja soseji katikati, anaingiza vipande viwili kwa pamoja, mkate anauchovya kwenye maji ili uteleze. Kibanda kizima kilikuwa kinapiga meza. Na mimi nilipiga. Pesa yangu nikaisahau, mpaka leo hajanilipa.

Basi vijana wa steji wakapata wazo. Kukawa na watu wa televisheni, wa wapi sitasema, wanaozunguka miji wakitafuta vichekesho vya kipindi chao, na kuna mtu aliyewapigia simu. Wakaja mwezi wa nane na gari, mwavuli na bango. Shindano la kula rolex, ile chapati yetu ya kukunjiwa mayai, dakika kumi, mshindi shilingi 300,000. Rolex zitoke wapi? Kwa Mama Sauda. Arobaini, mayai mawili mawili, 3,000 kila moja. Walinilipa 120,000 taslimu kabla sijawasha sigiri ya pili, na nisiwasingizie, hilo walilifanya vizuri.

Niliamka saa kumi usiku kukanda. Nilikanda unga laini, ule wa kupumzisha mara mbili, kabeji nikaikata nyembamba kama nyuzi, nyanya nikachagua. Nilitaka Uganda nzima ione. Sasa fikiria, Mama Shabani, wale vijana sita wanakaa, filimbi inalia, na kitu cha kwanza wanachofanya ni kuichovya rolex yangu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu! Yai linaelea juu. Chapati inalegea mkononi inakuwa kama kitambaa cha kupigia deki, wanaikamua, wanaisukuma na kidole. Hakuna aliyejua kama nimetia chumvi au sikutia. Ningewapikia gazeti wangekula.

Na bado nilicheka. Walinipa kipaza sauti nihesabu, eti mpishi ndiye mwamuzi, na mimi unanijua nikishika kipaza sauti. Nilikuwa namtania kila mtu. Watu walikuwa wanashikana mabega kwa kicheko, hata Hajati, ambaye hacheki.

Katikati ya wale sita alikuwepo Musa, mjukuu wa bibi wa pale bombani. Amerefuka siku hizi, shingo imekuwa kama ya korongo. Alikuwa kwenye ya sita. Nikatangaza, "Sita! Musa anaingia saba!" Akasimama. Mkono mmoja shingoni, mwingine unapapasa meza. Macho yametoka. Nilichokosa kukitambua ni kwamba hakuwa anatoa sauti yoyote. Hakukohoa, hakuguna. Watu walidhani anaigiza, kicheko kikapanda, na mwenye kamera akasogea karibu zaidi. Na mimi, Mungu anisamehe, nilisema kwenye kipaza sauti, "Mpeni maji huyo, anatafuta njia ya saba." Hayo ndiyo maneno niliyosema.

Ni Okello aliyeruka meza. Alimwinamisha akampiga na kiganja katikati ya mabega, mara tatu au nne, kikatoka kidonge cha chapati, cheupe, ukubwa wa kidole gumba, hata jino halijakigusa. Kilianguka karibu na kiatu changu. Musa akavuta pumzi kwa mlio ambao sijausikia tangu mtoto wa Nakato alipozaliwa. Kisha akakaa, akataka kuendelea! Walimkatalia. Alishinda yule mrefu wa gereji, rolex tisa, na baada ya kupokea bahasha alikwenda nyuma ya mwembe akazirudisha zote tisa.

Ungedhani mambo yameisha hapo. Jioni nilimpelekea bibi sukari na mkate, nikamgombeza Musa, nikamwambia, "Mnafunga tumbo siku nzima ili mshinde, mtakufa." Nilikuwa nimesikia hao washindani wa Marekani wana namna zao za kulitayarisha tumbo. Bibi akanitazama. Akasema, "Alikuwa hajala tangu jana yake mchana. Hakufunga kwa ajili ya shindano." Nikatafuta pa kuweka uso. Musa akacheka, akaniambia, "Mama Sauda, hata ningeshindwa ningekuwa nimeshiba." Na kwenye kavera, mfuko wa plastiki, chini ya kitanda, alikuwa ameficha rolex mbili alizoziiba mezani wakati watu wanamshangilia mshindi. Kavu, hazijachovywa. Za bibi.

Sijui hilo nililiwekaje moyoni. Niliendelea kupika, maisha yakaendelea.

Halafu kipindi kikaonyeshwa. Kibanda cha Barasa kilijaa hadi watu wakachungulia madirishani. Pale Musa anaposhika shingo, wameweka muziki, ile tarumbeta ya kuchekesha, wakairudisha picha nyuma na mbele, macho yanatoka, yanarudi, yanatoka. Sauti yangu ikasikika: "Anatafuta njia ya saba." Kiganja cha Okello wamekikata. Musa anasimama, mara anaonekana amekaa, mzima. Na mimi nilicheka, Mama Shabani. Mimi niliyekuwepo. Niliyekiona kile kidonge karibu na kiatu changu. Kicheko kilinitoka kama chafya, sikukiita. Nikageuka, Okello alikuwa mlangoni, hakucheka. Hajanitania tangu siku ile, na unajua Okello bila utani si Okello.

Hilo ndilo linalonisumbua, kuliko hata kukabwa kwenyewe. Mtu anaweza kukabwa na mfupa wa samaki nyumbani kwake. Ila ile tarumbeta ilinifanyia nini?

Nimelizungumza na watu. Mzee Barasa anasema ni mchezo kama ngumi, watu wazima, kila mtu na mdomo wake, mbona mabondia wanavunjwa pua na tunalipa kiingilio? Sikuwa na jibu la haraka. Nilimwambia tu bondia ana mtu pembeni anayemfuta damu na ana mwamuzi anayesimamisha pambano, sisi mwamuzi alikuwa mimi. Yule kijana wa Hajati anayesomea udaktari, amekuja likizo, aliniambia mambo yaliyonikosesha usingizi. Mwaka 2007 madaktari wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walimpiga picha mmoja wa hao walaji wakati anakula. Mtu wa kawaida waliyemlinganisha naye alisimama kwenye soseji ya saba. Yule mlaji alifika 36, na wao ndio waliomsimamisha. Tumbo lake halikuwa linasaga chakula, lilikuwa limetanuka tu, limejaa karibu nafasi yote ya ndani, kama kavera lililolegea. Wakaonya kwamba tumbo la namna hiyo huenda siku moja lisirudi, likashindwa kusukuma chakula kabisa. Na yule Mjapani, Kobayashi, mwaka 2024 alitangaza anaacha. Alisema siku hizi hahisi njaa wala kushiba.

Nikakaa na hilo neno. Hahisi njaa. Hapa kuna mtoto anaingia shindanoni kwa sababu anaihisi mno, na kule kuna mtu ameshindana mpaka njaa imemtoka. Nilitaka kumwambia Nakato, akawa anapiga hesabu za mchele, nikaacha.

Usinielewe vibaya, mimi si mtu wa kununa. Ile rolex ya Kasokoso ya mwaka 2021, iliyoingia kwenye rekodi za dunia, kilo 204, mayai 1,200, niliifurahia kama nimeikunja mwenyewe. Kile kilikuwa kichekesho cha kupika. Tulikaa wiki nzima tukibishana walipata wapi kikaangio. Hakuna aliyeshika shingo.

Sasa jambo lenyewe. Wale watu wamerudi. Wanataka shindano kubwa zaidi Siku ya Uhuru, tarehe 9 Oktoba, vijana ishirini, rolex 150. Yaani 450,000, nusu mkononi kabla. Na muhula wa tatu ndio huu unafunguliwa, karo ya Sauda sina hata robo yake, simu nayo unajua ilivyokwisha. Nikikataa watamchukua yule mwanamke wa Masese anayetia maji kwenye mayai, na shindano litafanyika vile vile. Musa amekuja mara tatu kuniomba nikubali. Amejiandikisha tayari. Anasema safari hii atatafuna. Nimemwambia nitampa rolex moja kila asubuhi asiingie, akaniuliza, "Na bibi?" Nikasema na bibi. Akasema, "Na laki tatu?"

Nimefikiria masharti: nipike, lakini wasichovye kwenye maji, wasipimwe kwa dakika, wapimwe kwa nani ametaja viungo vyote akiwa amefumba macho. Niliwaambia. Yule dada mwenye daftari akatabasamu, akasema, "Mama, nani ataangalia hiyo?" Na alisema kweli. Hata mimi nisingeangalia.

Kwa hiyo nakuuliza wewe, kwa sababu hukuwepo, na kwa sababu ukicheka sitakuona. Ungekuwa wewe ungepokea? Shabani wako bado anakesha na zile video za watu wanaokula mezani peke yao mbele ya kamera? Ulimkataza au ulimwacha? Nasikia Uchina walipitisha sheria mwaka 2021 ya kuzuia video za watu kujivimbiza kwa chakula. Huko kwenu watu wanasemaje juu ya mambo haya, au hayajafika? Na Zaituni, anamaliza lini masomo ya uuguzi? Tafadhali mwambie aniandikie kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, mtu akikabwa anafanyiwaje hatua kwa hatua. Kijana wa Hajati alinionyesha kwa mto: mapigo matano mgongoni, halafu unamkumbatia kwa nyuma unamminya tumbo mara tano. Nimeshasahau ngumi inakaa juu ya kitovu au chini. Nitaibandika kwenye kibanda, oda iwepo isiwepo. Ungekuwa wewe ungemwambia nini Okello? Nianze kuzungumza mimi, au nimwache mpaka atulie?

Wanataka jibu Ijumaa ijayo. Na lile karai langu kubwa la kukandia, bado unalo, au dada yako alikwenda nalo Koboko? Kama unalo usinitumie kwanza. Au basi mpe utingo aje nalo, nitajua la kufanya likifika.

Nisalimie mama, mwambie dawa ya miguu aliyonituma bado naitafuta.

Ni mimi,
Mama Sauda