Barua kwa Yaya Furaha, kuhusu chumba cha radio (picha za eksirei)

Goma, Jumapili jioni

Yaya Furaha,

Umeuliza mnunue nini kwanza huko Bukavu ili chumba chenu kiwe tayari kwa wagonjwa wa Ebola. Kabla ya kununua, amueni nani hatapigwa picha. Ebola haionekani kwenye filamu, inathibitishwa na maabara. Daktari asipoweza kusema picha itabadilisha nini katika matibabu, mashine ibaki pale ilipo. Na maswali ya homa na safari za siku 21 yaulizwe mlangoni, si mgonjwa akishalala mezani: mgonjwa wa kwanza wa Ebola hapa Goma, Julai 2019, alifika kwa basi la kawaida kutoka Butembo.

Ikibidi, mashine ya magurudumu imfuate mgonjwa. Wekeni watu wawili. Mmoja amevaa kinga zote, aproni ya risasi (madini yanayozuia mionzi) ikiwa chini ya gauni, naye ndiye amgusaye mgonjwa. Wa pili hamgusi mgonjwa: anashika mashine, mita mbili kutoka kitandani. Huyu ndiye anayeitia kaseti, ile bapa inayopokea picha, katika mifuko miwili, anakamua hewa na kunyoosha plastiki. Mkunjo ukipita juu ya pafu unachora mstari kwenye picha, na daktari aliyechoka atasema hewa imevuja kifuani.

Hatari kubwa iko wakati wa kutoa kaseti. Aliyevaa anapangusa mfuko wa nje, anaufungua, anaukunja mdomo kwa nje. Mwenzake anachomoa kaseti ikiwa ndani ya mfuko wa pili, bila kugusa ule ukingo. Fanyeni zoezi kwa kaseti tupu mpaka waweze kulifanya bila kuongea.

Klorini ya 0.5%: vijiko 10 vya kula, vilivyosawazishwa, vya unga wa klorini, HTH wa 70%, katika bido la lita 20. Sakafu ibaki imelowa dakika 10. Tengenezeni kila asubuhi, wekeni kivulini, maana jua linaimaliza nguvu. Ila msiimwage ovyo kwenye mashine: inakula chuma, na mpira wa sondi ya ekografi (kile kichwa cha ultrasound kinachopitishwa mwilini) unapasuka. Sondi isafishwe kwa dawa iliyoandikwa katika kitabu chake, basi. Jeli nayo, chupa kubwa isiingie chumbani. Mimina kipimo cha mgonjwa mmoja katika kikombe, kinachobaki kitupwe.

Betri zichajiwe usiku, umeme wetu unaujua.

Niandikie kaseti zenu ni za ukubwa gani. Kama ni 35 kwa 43, nitakutafutia hapa Goma, kule Birere, mifuko ya 45 kwa 60, iliyo laini na isiyo na maandishi.

Wako,
Baraka