Mitali ya bibiyo

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Kila nikitaja mitali ya bibiyo, yale mapambo yake ya fedha ya miguuni, wasema, "Mama, mtandao wakata." Mbona haukukata tulipokuwa tukizungumza pesa za tikiti?

Safari sikukatazi. Nenda Maskati, ukaone mafundi wa fedha, urudi na ujuzi wako. Nina neno moja tu: mitali isiingie motoni.

Najua utakavyofanyiwa. Utaingia kwa sonara, iwe Mutrah au huko Nizwa, atauchukua mtali mmoja, ausugue kwenye jiwe, kisha akwambie kwa upole kwamba hii ni fedha ya reale, zile sarafu za kale, haifiki 925 katika elfu, tuiyeyushe tuisafishe nikufulie mipya. Na hatakuwa amesema uwongo. Reale za Maria Theresa ni fedha 833 katika elfu, iliyobaki ni shaba. Kila moja gramu 28, na zote zimeandikwa 1780, hata zilizopigwa chapa miaka mia na zaidi baadaye. Ndizo zilizofuliwa mitali hiyo. Maneno ya sonara nayajua kwa sababu nimeshaambiwa. Lakini lile bonyeo la mtali wa kushoto, ukishayeyuka, utalipata wapi?

Ukitaka kunakili nakshi, fundi achukue chapa kwa nta mbele ya macho yako. Pima uzito kabla hajaigusa, uandike, upime tena akikurudishia. Usimwachie ikalala kwake hata usiku mmoja.

Lile koja la fedha la mfano wa kikuba ulilonitumia picha nimelitazama mara nyingi kuliko nilivyokwambia. Nilisema kikuba kisichonukia ni pambo la meza, ukaninunia siku mbili. Labda ningelisema vingine. Sisi asumini twaichuma alasiri ingali imefumba, twaitunga kabla ya maghribi ili ifumbuke kifuani mwa biarusi, na asubuhi yake imeshageuka rangi ya chai. Nimetunga vikuba tangu sijaolewa, vya asumini, vilua, rehani na waridi, na leo sina hata kimoja cha kukuonyesha. Wewe wataka kitu kitakachokaa kabatini mpaka mtoto wa biarusi naye aolewe. Na hilo wazo la kufua vilua vya fedha vyenye uwazi ndani, utie pamba iliyochovywa mafuta ya asumini, kama hirizi za Kiomani zinavyobeba aya tumboni, mimi singelipata. Nimewasimulia wanawake wenzangu hapa Kibokoni, wakasema najisifu kwa mgongo wako. Kweli, najisifu.

Ila tundu za harufu ziwe upande wa mbele. Mafuta yakigusa hariri, doa halitoki.

Vile vipuli ulivyovichora kwa mfano wa maua ya milango ya Lamu ni vizuri kwenye karatasi, lakini ni vizito. Mlango una bawaba, sikio lina nyama tu. Na ule mkanda wa mfano wa kisutu, leso ya biarusi: kisutu ni chekundu, cheusi na cheupe, basi. Usitie zambarau kwa sababu mteja wa Nairobi kaomba. Na kitu cha kupakwa dhahabu kiitwe cha kupakwa. Alama ya 916 ni ya dhahabu, haigongwi kwenye shaba, hata kama mkodishaji mapambo mwenzako afanya hivyo. Mashangazi wa bwana harusi wana macho, mwanangu, na wengine wana meno.

Duka la Biashara Street, lenye jina lako mlangoni, nalitaka kama unavyolitaka. Kodi yake uliiuliza? Au umeshapanga rangi ya pazia tu?

Wasema nakusumbua. Nakusumbua kwa sababu mitali ndiyo iliyobaki. Ile kekee, bangili pana ya fedha, uliyoiona kwenye picha ya harusi ya bibiyo, ukataka kuichora, nilikwambia ilipotea tulipohama. Watu wakihama vitu hupotea. Karo yako ya kidato cha kwanza nayo ililipwa mwaka huo huo, siku ya mwisho, na jioni ile ile kekee ilikuwa imeshavutwa waya. Nilipita dukani kwa sonara nikaiona. Bibiyo hakuniuliza hata siku moja. Ila mitali alipoitoa alikukabidhi wewe, nami nimekaa pale pale kando yake.

Basi tuliache hilo.

Tangi la juu lavuja tena. Fundi alikuja, akatazama, akanywa chai, akaenda. Asumini ya uani imeingia wadudu weupe, naipulizia maji ya sabuni na yaonekana yaanza kupata nafuu. Mdogo wako alichukua koleo zako ndogo akakatia waya wa antena, midomo yake haikutani tena. Nimemwambia atakulipa, lakini usimtarajie. Cherehani umeniacha nayo bila sindano, na nina mito ya watu ya kumaliza kabla ya Ijumaa.

Ukiwa kwa ami yako amka mapema, usingoje kuitwa. Wazee wa nyumba ile bado wazungumza Kiswahili cha Unguja, kwa hiyo ukinong'ona watakusikia. Halua usiniletee, sukari yangu imepanda. Niletee marashi mawaridi ya Jabal Akhdar, yale yenye harufu ya moshi kidogo. Yafunge vizuri kwenye plastiki, na usiyaweke begi moja na mitali. Mitali utaibeba mkononi.

Ukifika nitumie picha. Si yako, sura yako naijua. Picha ya mitali, yote miwili, juu ya gazeti la siku hiyo.

Mamako