Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Rock and Roll Hall of Fame: Osibisa hawajafungwa, hawajapangiwa mechi

Mheshimiwa Mwenyekiti,

YAH: BENDI YA OSIBISA KUTOKUWEPO KWENYE KARATASI YENU YA KURA

Rejea kichwa cha barua hapo juu. Kwetu barua ya kiofisi huanza hivyo, nami nimetaka uone kwamba nimekuja kwa adabu. Kugomba kutafuata baadaye kidogo.

Mimi ni shabiki tu. Si mwanamuziki, si mwandishi wa magazeti, na sina kura hata moja kati ya zile elfu moja na ushei mnazowagawia wanamuziki, wanahistoria na watu wa biashara ya muziki kila mwaka, wachague nani aingie kwenye ukumbi wenu wa heshima wa muziki wa roki huko Cleveland, Marekani. Nilichonacho ni santuri ya kwanza ya Osibisa, ya mwaka 1971, niliyoachiwa na kaka yangu mkubwa. Ni ile yenye jalada la tembo mwenye mabawa ya mdudu, kazi ya mchoraji Roger Dean. Enzi hizo niliruhusiwa kushika jalada peke yake, sahani yenyewe marufuku. Kaka akishusha sindano, kwanza unasikia alfajiri: wadudu wanalia, mtu anazungumza taratibu kama anayeamsha nyumba. Kisha inaingia ngoma, inafuata nyingine, filimbi inapenya katikati, na ghafla tarumbeta na saksafoni zinapasuka kwa pamoja. Gitaa la umeme linaingia mwisho kama mgeni aliyechelewa harusini na wala haoni haya. Mama akipita mlangoni alikuwa anasimama. Halafu anajifanya hakusimama.

Nakueleza haya kwa sababu nashuku baadhi ya wajumbe wa kamati yenu ya uteuzi hawajawahi kuisikia santuri hiyo. Teddy Osei, kiongozi wa Osibisa, alitoka Ghana kwenda London mwaka 1962, kwa ufadhili wa serikali yake, akasomee muziki. Mwaka 1969 akaunda bendi na mdogo wake Mac Tontoh kwenye tarumbeta na Sol Amarfio kwenye dramu, wakaungana na vijana kutoka Nigeria na visiwa vya Karibi. Wao wenyewe walipenda kusema jina Osibisa maana yake ni midundo inayopishana na kulipuka kwa furaha. Ukweli ni kwamba limetokana na osibisaba, neno la Kifante la hailaifu, muziki wa dansi wa Ghana, lakini nani atamkatalia mwanamuziki utamu wake? Nyimbo zao zilipanda chati za Uingereza. Mmoja uliingia ishirini bora mwaka 1976. Hiyo ilikuwa bendi ya Waafrika na Wakaribi waliokuwa wakipiga roki ya umeme London, wakati maduka ya muziki hayajui hata waiweke kwenye rafu gani.

Sheria yenu inasema msanii anastahili kufikiriwa ikishapita miaka 25 tangu atoe rekodi yake ya kwanza. Kwa hesabu hiyo Osibisa wamekuwa halali tangu 1996, na kwa muda wote huo jina lao halijafika kwenye karatasi ya kura hata mara moja. Hapo ndipo penye kidonda, Mwenyekiti. Timu ikifungwa mabao matano inaumia, lakini imeingia uwanjani, imeonekana, na kesho inazungumzwa. Osibisa hawajafungwa na mtu. Hawajapangiwa mechi.

Ninajua mtasema nini, maana yanasemwa kila mwaka.

Mtasema huo si muziki wa roki. Basi nisaidie kuelewa. Miles Davis wa jazi mlimwingiza 2006. Grandmaster Flash na wenzake wa rap waliingia 2007, ABBA wa pop 2010. Dolly Parton, mwimbaji wa kantri, mwaka 2022 aliwaomba kabisa mliondoe jina lake kwa kuwa hakujiona mtu wa roki, nanyi mkamwingiza vilevile. Sina neno na hata mmoja wao. Ila mlango uliopanuliwa kiasi hicho hauwezi kuwa mwembamba ghafla akija mtu na ngoma ya Kumasi.

Mtasema hawakuuza sana Marekani. Velvet Underground je, ambao wakati wao santuri zao hazikununuliwa, na wako humo tangu 1996? Kwao mlisema ushawishi, na mlisema kweli. Tumieni kipimo hichohicho.

Santana waliingia 1998, na mimi ni mshabiki wao pia, tusielewane vibaya. Walichukua ngoma za Kilatini, wakazikutanisha na kinanda na gitaa la umeme, dunia ikacheza. Osibisa walifanya kazi hiyohiyo ng'ambo ya bahari, tena ngoma zao hazikupitia Kuba kwanza. Au tazama Traffic, bendi ya Uingereza, walioingia 2004 kwa majina manne: Steve Winwood, Jim Capaldi, Dave Mason na Chris Wood. Rebop Kwaku Baah, Mghana aliyewapigia tumba mwanzoni mwa miaka ya sabini, hayumo. Ukisikiliza rekodi zao za wakati huo mikono yake unaisikia. Jina ndilo halisikiki.

Sisemi hamna mtu wa huku kwetu. Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, na Queen wako ukumbini tangu 2001. Tunajivunia, na watalii wanaonyeshwa. Lakini yeye aliingia na bendi ya London inayopiga muziki wa London. Swali langu ni kuhusu sauti yenyewe, ngoma zenyewe.

Septemba 2023 bodi yenu ilimwondoa Jann Wenner, mmoja wa waanzilishi, baada ya kusema kwamba wanamuziki weusi na wanawake hawakuwa na ufasaha wa kumtosha kuwaweka kwenye kitabu chake cha mahojiano. Mlimwondoa haraka, na hongera. Mtu huondoka kwa kikao kimoja. Mazoea ya nani anafikiriwa na nani hafikiriwi hayaondoki kwa kikao, na aliyekaa kwenye kiti chako kabla yako, hadi 2020, alikuwa yeye.

Kuhusu kura za mashabiki, naomba nisiambiwe tena nikapige. Tulipiga mwaka 2021. Fela Kuti, Mnigeria wa Afrobeat, alikuwa kwenye karatasi, na sisi tulibonyeza simu mpaka vidole vikaota sugu. Akawa wa pili, nyuma ya Tina Turner. Baadaye ndipo wengi wetu tulipoielewa hesabu: kura zote za mashabiki, hata zikiwa malaki, zinajumlishwa kuwa karatasi moja tu kati ya zile elfu na ushei. Fela akabaki nje mwaka huo, na 2022 akabaki nje tena. Wala si sisi tu. Dave Matthews Band waliongoza kura hizo 2020, wakaachwa hadi 2024. Phish wakaongoza 2025, wakaachwa. Kumwita mtu jikoni akukorogee sufuria, kisha wakati wa kula umwambie asante kwa kuja, hiyo kwetu ina jina lake na silitaji hapa.

Kwa hiyo sikuombi kura yangu ihesabiwe zaidi. Naomba jambo dogo: jina Osibisa liandikwe kwenye karatasi, wale elfu wenye kura walione, walikatae wenyewe kama watalikataa. Na kama mnaona karatasi imejaa, kuna tuzo ya ushawishi ambayo huamuliwa na kamati bila kupitia kura hiyo. Kraftwerk, Wajerumani wa muziki wa elektroniki, waliteuliwa mara sita bila kupita, mwisho mwaka 2021 mkawaingiza kwa mlango huo. Mlango wa uani nao ni mlango.

Ningependa tu isiwe kazi ya kuwaita watoto wao wapokee. Chubby Checker, mwimbaji wa The Twist, mwaka 2001 alilipia tangazo la ukurasa mzima kwenye jarida la Billboard akidai aheshimiwe angali hai, watu wakamcheka. Mmemwingiza 2025, na bahati yake alikuwa bado anapumua. Mac Tontoh alifariki 2010. Teddy Osei alifariki Januari 2025, na sikuona mtu wa Cleveland akijuta.

Siku mtakapohitaji jalada la kuweka kwenye kabati la vioo, lile la kaka lipo. Lina duara la kikombe cha chai kwenye bawa la tembo, na uti wake nimeubandika gundi mara mbili. Siliuzi. Nitawaazima.

Wasalaam,

Shabiki wa Osibisa