Barua kwa mwanangu anayekwenda kwenye usaili wa benki

Mwanangu,

Umeniambia suti imeshapigwa pasi na majibu yote umeyakariri. Suti sina neno nayo. Hayo ya kukariri ndiyo yaliyoninyima usingizi.

Benki iliyokuita ni ya kanda. Amana na mikopo yake viko kwa watu walewale: mazao yakikauka, mkulima anashindwa kurejesha mkopo, na mwenye duka aliyemtegemea mkulima huyo anakuja kutoa akiba yake. Kwa hiyo tafuta ripoti yao ya mwaka, ruka picha za wakurugenzi, nenda kwenye mizania, ule ukurasa wa mali na madeni ya benki. Angalia kila mia ya amana wamekopesha ngapi, wamemkopesha nani, na kama mikopo chechefu, ile isiyorejeshwa kwa wakati, inapanda au inashuka. Likikujia swali humo, hilo ndilo uwaulize.

Wakigusia ukwasi, yaani uwezo wa benki kuwa na pesa za kuwalipa wateja wanapozitaka, usiwape maana ya kitabuni. Wape kisa cha Silicon Valley Bank ya Marekani. Ilikusanya amana nyingi, ikanunua hati fungani za muda mrefu, yaani hati za kukopesha zinazolipa riba. Riba zikapanda, na kwa kuwa hati zile zililipa riba ndogo ya zamani, thamani yake ikaporomoka. Wateja wake wengi walikuwa kampuni za teknolojia zinazofahamiana, na mmoja akishtuka wote wanashtuka. Tarehe 9 Machi 2023 walitaka kutoa dola bilioni 42 kwa siku moja. Kesho yake benki ikafungwa.

Watakuuliza pia siku uliyokosea. Tafadhali usiseme kosa lako ni kupenda kazi kupita kiasi, jibu hilo wameshalichoka! Mimi nikiwa keshia mgeni, jioni moja nilifunga hesabu nikakuta pesa pungufu. Nilikuwa na kiasi hicho mfukoni, na mkono ulishaanza kuingia. Nikamwita msimamizi. Tulihesabu upya, tukapitia stakabadhi moja moja, tukakuta mteja mmoja nimemzidishia. Nilifokewa vya kutosha. Ila asubuhi nilirudishwa dirisha lilelile, na baadaye ndipo nilipoelewa kwamba kufidia kimyakimya ndiko kungenifukuzisha: anayeziba upungufu kwa siri leo, ziada ya kesho ataificha wapi?

Kwenye mshahara taja kiwango chako, kisha nyamaza. Wewe una tabia ya kujipunguzia mwenyewe kabla hujajibiwa.

Vyeti halisi viweke bahasha yake, nakala bahasha yake. Ukitoka tu, nipigie.

Mama yako