Bomba la GI: juu ya ardhi sawa, kisimani tupime kwanza

Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji mwenzangu aliyetaka mabomba ya GI, yaani yale ya chuma yaliyochovywa zinki, yaachwe kabisa na kila kitu kiwe plastiki. Mimi ni fundi wa maji huku Msambweni. Mabomba ya aina zote mbili ndiyo yanayonilisha, kwa hivyo sina upande wa kupigia debe. Ila ushauri wake ukifuatwa vile ulivyo, kuna watu watapata hasara, kama vile wale wanaosema GI ni bomba la maisha walivyokwisha kuwatia wengine hasara.

Zinki kazi yake ni kuliwa kwanza. Kiwandani bomba huchovywa katika zinki iliyoyeyushwa kwa joto la nyuzi 450 hivi, ikaingia ndani na nje na kushikana na chuma chenyewe. Si rangi ya kupaka juu. Bomba likikwaruzwa kidogo, zinki iliyo pembeni huendelea kukilinda kile chuma kilichofunuliwa. Ndiyo maana bomba la GI lililo nje ukutani, linalopigwa jua na mvua, hukaa miaka na miaka. Weka bomba la plastiki ya PVC mahali hapo hapo bila kuifunika, jua litaikausha mpaka iwe rahisi kuvunjika, na siku mbuzi akijikuna au mtoto akining'inia, nyumba nzima inalala bila maji. Bomba la kupandishia maji kwenye tangi, bomba la kuzimia moto kwenye ghorofa, koki ya uani inayovutwa na kila mpita njia: hapo sitaki kusikia habari za plastiki.

Lakini hata hapo juu, mnunuzi afungue macho. Mabomba haya yana madaraja matatu, na tangu zamani huonyeshwa kwa mkanda wa rangi: kahawia ni daraja A, jepesi, buluu ni B, nyekundu ni C, zito. Bomba la nusu inchi la daraja A lina unene wa milimita 2 hivi, la B 2.6, la C 3.2. Sasa fundi akikata hesi, yaani meno ya kuungia bomba, kwa kifaa kiitwacho dai, meno hayo hula zaidi ya milimita moja. Kwenye daraja A kinachobaki chini ya hesi hakifiki hata milimita moja, na kimebaki bila zinki. Ndiyo maana bomba huvuja kwenye maungio kabla ya mahali pengine popote. Mkanda usipoonekana, chukua kipimo cha unene uingize mdomoni mwa bomba pale pale dukani, mwenye duka anune asinune. Na fundi akimaliza kufunga maungio kwa nyuzi za katani, apake rangi ya zinki kwenye meno yaliyobaki nje. Ni kazi ya dakika chache ambayo wengi wetu tunairuka.

Maji ya moto je? Yakipita nyuzi 60, zinki huweza kuacha kukilinda chuma, kwa hivyo wenye mitambo ya kupasha maji kwa jua watafute bomba jingine. Wala maji yasitoke kwenye bomba la shaba kuingia la GI, kwa sababu chembe za shaba hutua ndani na kulitoboa. Na kwa wenzangu wa kuchomelea: ule moshi mweupe wa zinki huleta homa ya jioni, na maziwa mnayokunywa hayaizuii. Sageni zinki kwanza, mchomelee penye upepo.

Mambo mazito yako kisimani.

Visima vingi vya pampu ya mkono Afrika vimewekwa pampu iliyobuniwa India miaka ya 1970, India Mark II, ambayo Uganda wanaiita U2. Kwa kawaida hushushwa kwa mabomba ya GI ya mita tatu tatu, yaliyoungwa kwa hesi. Maji yakiwa yamepita kwenye mawe ya matumbawe, hubeba chokaa, na chokaa hiyo hujipaka ndani ya bomba ikalisaidia. Maji yakiwa na asidi, zinki huliwa upesi, kisha chuma chenyewe. Kipimo cha pH, ambacho namba yake hushuka asidi ikizidi, kikisoma chini ya 6.5, GI haifai kushushwa humo, na chumvi ikiwepo mambo huwa mabaya zaidi.

Dalili zake akina mama huziona kabla ya fundi. Ndoo ya kwanza ya asubuhi hutoka nyekundu. Chai huwa nyeusi kama wino hata majani yakipunguzwa. Kanga nyeupe hubaki na madoa ambayo sabuni haiyatoi. Wanaanza kurudi kwenye kisima cha wazi au mtoni, na kamati inatangaza kwamba kisima kimeharibika. Nimeitwa mara nyingi kwenye visima vya namna hiyo, na maji ya chini hayakuwa na tatizo lolote. Ukilivuta bomba unalikuta limeliwa karibu na hesi mpaka kidole kinapenya, na wakati mwingine kipande cha chini hukatika kikazama na silinda, yaani ile sehemu ya pampu inayosukuma maji.

Kabla ya kukihukumu kisima, kamati inaweza kufanya hivi bila kumlipa mtu. Alfajiri, kabla pampu haijaguswa, jazeni chupa safi kwa maji ya kwanza. Kisha pigeni pampu mfululizo mpaka yale maji yote yaliyolala ndani ya bomba yaishe, na muendelee kidogo zaidi, halafu jazeni chupa ya pili. Ziacheni zote mbili zikae siku nzima, maana chuma kilichoyeyuka majini huanza kwa kutoonekana. Ya kwanza ikiwa nyekundu na ya pili safi bila rangi, tatizo ni bomba. Zote zikiwa nyekundu, chuma kiko ardhini na kubadilisha bomba peke yake hakutawasaidia.

Uganda walichoka. Mwaka 2016 Wizara yao ya Maji na Mazingira ilisitisha matumizi ya mabomba ya GI katika visima vipya vya pampu ya mkono. Na sisi wa Kwale tusijifanye wageni wa jambo hili. Pampu ya Afridev ilikuzwa miaka ya 1980 kwa kazi iliyofanyika Malawi na hapa kwetu. Itazameni vizuri: kichwa na mkono wake ni chuma kilichochovywa zinki, lakini bomba linaloshuka majini ni plastiki ya uPVC. Waliomaliza mjadala huu walifanya hivyo zamani, tena kwenye visima vyetu. Tena bomba hilo ni pana kuliko pistoni, kwa hivyo vyuma vya ndani huvutwa bila kuling'oa bomba lenyewe, na kubadilisha mpira uliochakaa kumekuwa kazi ya wanakijiji wenyewe. Mark II ukitaka kuivuta, tafuta wanaume wenye mikono.

Afridev nayo ina mwisho wake, kina cha mita 45 hivi. Kisima kikienda chini zaidi na maji yana asidi, kinachofikiriwa mara nyingi ni chuma kisichoshika kutu, na bei yake inauma. Hapo ndipo mabishano huanza, maana aliyeahidi visima kumi kwa bajeti ya GI hataki kusikia kwamba atatoa sita.

Kwa hivyo ombi langu kwa kaunti, wafadhili na kamati zetu ni moja. Mchimbaji asishushe bomba lolote kabla maji hayajapimwa pH mbele ya kamati. Kisha namba hiyo, pamoja na aina ya bomba lililowekwa, viandikwe kwenye zege la pampu kabla halijakauka, pale pale ambapo huandikwa jina la mfadhili.

Fundi wa maji,
Msambweni, Kwale