Barua kwa Khamis: Wikiendi ya Córdoba

Sheikh wangu Khamis,

Salaam nyingi, na natumai masomo ya Sevilla yanakwenda vizuri. Umeuliza kama wikiendi moja yatosha kuutembea mji wa Córdoba, hukohuko Hispania. Yatosha, ila ondoka Ijumaa jioni, ulale hukohuko. Msikiti Mkuu, ambao leo ni kathedrali, Jumatatu hadi Jumamosi huwa bure kuanzia saa 2:30 asubuhi (kwao 8:30) kwa asiye na kundi, na kabla ya saa 3:30 walinzi huanza kuwatoa watu ili tiketi zianze kuuzwa. Jumapili hakuna hiyo bure, na misa hukata saa za kutembelea. Anayepanda treni Jumamosi asubuhi huenda akaikosa nafasi hii.

Treni chukua ya kasi iitwayo Avant, kutoka kituo cha Santa Justa. Hutumia kama dakika 45, karibu sawa na AVE, treni ya kasi ya safari ndefu, na kwa kawaida ni nafuu. Fika mapema, maana mizigo hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi na lango hufungwa kabla treni haijaondoka.

Msikitini, ukipita ua wa michungwa utaingia sehemu kongwe, iliyoanzwa na amiri Abd al-Rahman I mwaka 785. Nakuomba usikimbilie mihrabu. Tazama nguzo kwanza, kuanzia chini. Nyingi zilitolewa katika majengo ya Warumi na Wavisigothi, watawala wa Hispania kabla ya Waislamu, ndiyo maana hazilingani rangi wala urefu, na vichwa vyake havifanani. Kwa ukumbi mkubwa vile zilikuwa fupi mno. Mafundi wakasimamisha nguzo ya mawe juu ya kila moja, wakafunga matao ya ngazi mbili: la chini halibebi paa, kazi yake ni kushikanisha nguzo zisiyumbe, la juu ndilo lenye mzigo. Ile mistari myekundu na myeupe ni tofali na jiwe vikipokezana.

Sasa nenda upande wa mashariki, kwenye nyongeza ya waziri al-Mansur ya mwaka 987. Sogelea tao mojawapo: wekundu wa pale ni rangi iliyopakwa juu ya jiwe. Kusini mto Guadalquivir ulikuwa karibu, basi wakapanua ubavuni, na tangu hapo mihrabu haiko katikati. Mihrabu yenyewe ni ya khalifa al-Hakam II, ya miaka ya 960: chumba kidogo kabisa, mlango wake umezungushiwa vijiwe vya dhahabu na maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu. Usivunjike moyo yakikushinda kusoma, Kikufi kile hakina nukta. Ukiwa na dira, ipime kibla. Imeelekea kusini zaidi kuliko Makka iliko. Kanisa lililochomekwa katikati lilianza kujengwa mwaka 1523, nalo litazame kwa haki yake.

Mambo mawili uyajue mapema: Mwislamu haruhusiwi kuswali mle ndani, walinzi humzuia mara moja, na wanaume huombwa kuvua kofia.

Jumapili asubuhi iwe ya Medina Azahara, magofu ya mji wa khalifa Abd al-Rahman III, kilomita kama 8 magharibi. Jumatatu hufungwa. Basi huondokea Paseo de la Victoria. Kata tiketi siku moja kabla, viti huisha. Litakushusha kwenye makumbusho, kisha basi dogo linakupandisha magofuni. Anza na makumbusho, kwa sababu mji ulivunjwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe mwanzoni mwa karne ya 11, mawe yakabebwa kujengea kwingine, na kilichofukuliwa ni kama sehemu moja ya kumi. Kivuli hakuna, beba maji lita moja na nusu. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 40, na nusu ya kwanza ya Mei sherehe ya nyua za maua hupandisha bei za vyumba.

Chakula: salmorejo ni nyanya, mkate, mafuta ya zeituni na kitunguu saumu vilivyosagwa, huliwa baridi. Juu hutiwa nyama ya nguruwe, kwa hiyo agiza «sin jamón», yaani bila nyama hiyo, kabla hakijaletwa. Bilinganya za kukaanga nazipenda mno, lakini uliza mafuta. Mara nyingi hukaangiwa pamoja na flamenquín, ambayo ni nguruwe. Majiko mengi hufungwa saa 10 jioni na kufunguliwa saa 2:30 usiku.

Ukishakata tiketi niandikie, nikuelekeze mtaa wa kulala.

Wasalaam,
Rafiki yako Juma